3 inakataa, 7 inakataa, 21 inakubali

*"Hujambo Mwalimu. Nafundisha hisabati katika shule moja ya upili huku Kasarani, na jioni nasomea shahada ya uzamili mjini. Kwenye chama chetu cha hisabati niliwaonyesha vijana wa kidato cha tatu kwamba nambari tasa inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 4 ni jumla ya miraba miwili: 5, 13, 17, 29. Wakafurahi sana. Wiki iliyofuata nikajaribu x² + 5y² nikaaibika mbele yao. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba p ikigawanya m² + 5, basi p yenyewe ni x² + 5y². 29 ikakubali, 41 ikakubali. 3 na 7 zikakataa, ilhali 3 inagawanya 1 + 5 na 7 inagawanya 9 + 5. Kisha msichana mmoja akasema, lakini 21 ni 16 + 5. Msimamizi wangu alinijibu kwa sentensi moja tu: soma ideali. Nimesoma ideali mwezi mzima na bado sioni zinahusianaje na 21. Je, niachane na maumbo ya Gauss kwa kuwa ni mambo ya kale, nihamie ideali moja kwa moja? Na je, kuna kanuni ya baki kwa kila n katika x² + ny², au natafuta kitu kisichokuwapo? Nafikiria kubadilisha mada ya tasnifu."*

Mwalimu mwenzangu, kabla ya yote nenda ukampongeze yule msichana. Alichokiona kwenye ubao wako ndicho alichokiona Pierre de Fermat, ambaye mwaka 1658 alimwandikia Mwingereza Kenelm Digby kwamba ukichukua nambari tasa mbili zinazoishia na 3 au 7, kila moja ikiwa inazidi kigawe cha 4 kwa tatu, zao lake huwa ni mraba mmoja kujumlisha mara tano ya mraba mwingine. Fermat hakutoa uthibitisho. Uthibitisho ulikuja na Lagrange katika miaka ya 1770, zaidi ya karne moja baadaye. Kwa hiyo usiseme uliaibika. Ulijikwaa palepale walipojikwaa wakubwa, na wanafunzi wako walikuwapo kuona.

Ninavyokuelewa, kinachokusumbua hasa si 21. Umeambiwa kuna njia mbili, ya maumbo na ya ideali, ukaelekezwa ya pili bila kuonyeshwa zinapokutana. Mahali hapo papo, na panafikika kwa kalamu na karatasi. Twende polepole.

Tuanze na sentensi uliyoandika ubaoni, kwa sababu nusu yake ni kweli. Umbo la kwadratiki lenye vigeu viwili ni ax² + bxy + cy², ambapo a, b na c ni nambari kamili. Kibainishi chake ni b² − 4ac, kilekile unachowafundisha vijana wanapotatua milinganyo. Sasa chukua p inayogawanya m² + 5, yaani m² + 5 = pk. Tengeneza umbo px² + 2mxy + ky². Kibainishi chake ni 4m² − 4pk, nacho ni −20, hata p iwe ipi. Na ukiweka x = 1 na y = 0, umbo hilo linatoa p. Basi hii ndiyo nusu ya kweli: p ikigawanya m² + 5, lipo umbo la kibainishi −20 linaloitoa p. Nusu uliyoongeza bila kujua ni kwamba umbo la kibainishi −20 ni moja tu, x² + 5y². Kumbe ni mawili.

Kusema "ni mawili" kunadai tujue lini maumbo mawili ni umbo lilelile. Ukipanda matatu kupita Thika, tazama mashamba ya mananasi dirishani. Kwa sekunde moja unaona mistari iliyonyooka kutoka barabarani. Gari likisogea kidogo, mistari ile inafifia na mingine ya mshazari inafunguka. Miche haijahama, ila wewe umebadilisha mistari unayohesabia. Umbo la kwadratiki, kama halitoi thamani hasi, ni shamba la namna hiyo. Chagua mche mmoja uwe mwanzo. Umbo linakupa mraba wa umbali kutoka hapo hadi mche ulio hatua x kwa mstari huu na hatua y kwa mstari ule. Ukichagua mistari mingine a, b na c hubadilika, lakini shamba ni lilelile na nambari zinazotoka ni zilezile. Kibainishi nacho hakibadiliki, kwa sababu kinapima ukubwa wa nafasi ambayo kila mche umepewa.

Lagrange alionyesha mwaka 1773 kwamba katika kila shamba unaweza kuchagua mistari mifupi kuliko yote, na ukifanya hivyo unapata umbo ambalo b, tukiacha alama yake, haizidi a, na a haizidi c. Hapo a haiwezi kupita kipeuo cha pili cha theluthi ya kibainishi (alama ya kutoa ukiiacha), kwa hiyo mashamba ya kibainishi kimoja yanahesabika kwa vidole. Jaribu −4: a lazima iwe 1, b ni 0, c ni 1. Shamba ni moja tu, x² + y². Ndiyo maana somo lako la kwanza lilifaulu. Nambari 13 inagawanya 5² + 1, kwa hiyo umbo 13x² + 10xy + 2y² lina kibainishi −4, na kwa kuwa shamba ni moja, umbo hilo ni x² + y² lililovaa nguo nyingine. 13 haina budi kuwa jumla ya miraba miwili, nayo ni 4 + 9. Uthibitisho wote wa somo lile ni huo, na nakuomba uwape vijana, maana wataufurahia kuliko kanuni yenyewe.

Sasa −20. Hapa a ni 1 au 2, na b lazima iwe shufwa. a ikiwa 1 unapata x² + 5y². a ikiwa 2, b = 0 haitoi c kamili, na b = 2 inatoa 2x² + 2xy + 3y². Basi. Umbo la pili linatoa 3 kwa x = 0, y = 1. Linatoa 7 kwa x = 1, y = 1. Linatoa 23 kwa x = −1, y = 3. Nambari tasa zilizokukatalia hazikupotea. Zilikuwa shamba la jirani.

Utajuaje tasa fulani iko shamba gani bila kutafuta x na y? Gawanya kwa 4. Thamani yoyote witiri ya x² + 5y² inabakiza 1. Katika lile la pili, thamani ni witiri pale tu y ikiwa witiri. Andika 2x(x + y) + 3y²: y ikiwa witiri, mmojawapo wa x na x + y ni shufwa, kwa hiyo sehemu ya kwanza inagawanyika kwa 4 na jibu linabakiza 3. Mashamba mawili, mabaki mawili, hayachanganyiki. Ukiunganisha na sharti la p kugawanya m² + 5, na ukiacha 2 na 5 kando, unapata kanuni kamili: tasa inayobakiza 1 au 9 kwa 20 ni x² + 5y², na inayobakiza 3 au 7 kwa 20 ni ya shamba la pili. Na 3 mara 3 kwa mahesabu ya baki la 4 ni 1. Hicho ni kivuli cha jibu la 21.

Jibu lenyewe ni utambulisho ambao Lagrange aliuandika na ambao unaweza kuukagua kwa kufungua mabano:

(2x² + 2xy + 3y²)(2z² + 2zt + 3t²) = (2xz + xt + yz + 3yt)² + 5(xt − yz)²

Weka x = 0, y = 1 upate 3, na z = 1, t = 1 upate 7. Upande wa kulia unatoka 4² + 5 × 1², yaani ile 21 ya msichana wako. Utambulisho wa aina hii si mgeni duniani. Brahmagupta wa India alikuwa na ndugu yake, wa x² + ny², tangu mwaka 628. Alichofanya Gauss mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 24, ni kuonyesha kwamba si bahati. Mashamba yote ya kibainishi kimoja yanaweza kuzidishwa, na chini ya kuzidisha huko yanakuwa kundi: lipo lisilobadilisha kitu, na kila moja lina kinyume chake. Kwa −20 kundi lina wawili tu. La pili likizidishwa kwa lenyewe linarudi la kwanza.

Sasa tuingie kwenye ideali, na hapa nataka uweke kikombe cha chai pembeni. Katika ulimwengu wa nambari za aina u + v√−5, ambapo u na v ni kamili, 6 ina sura mbili: 2 × 3, na (1 + √−5)(1 − √−5). Hakuna hata kimoja kati ya vigawo hivyo vinne kinachovunjika zaidi humo. Wengi hukosea hapa kwa kusema 3 bado ni tasa. Siyo. Kutovunjika ni jambo moja, kuwa tasa ni jingine. Tasa ya kweli ikigawanya zao, lazima igawanye kimojawapo cha vigawo vya zao hilo. 3 inagawanya 6, lakini haigawanyi 1 + √−5 wala 1 − √−5. Kwetu sisi tuliozoea nambari za kawaida, tabia hizo mbili huenda pamoja tangu darasa la nne, ndiyo maana tunazifunga kwenye neno moja. Hapa zinaachana.

Kummer, katika miaka ya 1840, alisema vigawo vya kweli vipo ila havionekani kama nambari. Dedekind, mwaka 1871, akasema: usitafute kigawo, tafuta mkusanyiko wa vigawe vyake vyote. Mkusanyiko huo ndio ideali. Chukua ile iliyojengwa na 2 pamoja na 1 + √−5. Wanachama wake ni nambari zote za aina 2x + (1 + √−5)y. Itazame vizuri. Hatua x kwa mstari huu, hatua y kwa mstari ule. Ideali ni shamba!

Pima basi mraba wa umbali wa kila mche kutoka sifuri. Unapata (2x + y)² + 5y², yaani 4x² + 4xy + 6y². Shamba hili lina nusu ya miche ya ulimwengu mzima, kwa hiyo gawanya kwa 2 ili kulinganisha kwa haki. Imebaki 2x² + 2xy + 3y². Umbo lile lile lililokuwa linazificha 3 na 7.

Nilipoliona hili mara ya kwanza nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea mahali. Sijapata kuisahau. Ndiyo njia panda uliyokuwa ukiitafuta mwezi mzima. Kila ideali ni shamba, kila shamba ni umbo, na kuzidisha ideali ndiko kuzidisha maumbo kwa Gauss. Ideali inayozaliwa na nambari moja inatoa x² + 5y². Isiyozaliwa na nambari moja inatoa lile jingine. 3 inapasuka kuwa ideali mbili zisizo na mzazi mmoja, na 7 vilevile. Ukizidisha ideali moja ya 3 na moja ya 7, unaangukia ideali yenye mzazi, naye ni 4 + √−5, 4 − √−5, 1 + 2√−5 au 1 − 2√−5, kutegemea jozi uliyochagua. Zidisha 4 + √−5 kwa 4 − √−5: 16 + 5. Msimamizi wako alisema kweli, ila sentensi moja haikutosha.

Mambo mawili ya kuchunga, maana yamewapotosha wengi wanaosoma peke yao. Kwanza, unapobadilisha mistari ya shamba usiligeuze kama kwenye kioo. Matriksi ya mabadiliko iwe na ditaminanti 1, si −1. Ukiruhusu kioo, umbo na kinyume chake vinakuwa kitu kimoja na kundi linabomoka. Legendre hakutenganisha hayo mawili, na kuzidisha kwake maumbo kukawa na majibu yanayogongana. Gauss ndiye aliyetenganisha. Pili, shughulika na maumbo ambayo a, b na c hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1.

Kuhusu kanuni ya baki kwa kila n, jibu ni hapana, nami nakusihi usilipokee kama habari mbaya. Tazama kibainishi −23. Maumbo ni matatu: x² + xy + 6y², na jozi 2x² + xy + 3y² na 2x² − xy + 3y², ambazo ni kioo cha kila moja. Kundi ni kama saa yenye nambari tatu: 2 si thamani ya umbo la kwanza, 4 inaingia tu kwa kuwa ni mraba, na 8, ambayo ni 2 × 2 × 2, inatoka kwa x = 1, y = 1. Sasa chukua 13 na 59. Zote zinabakiza 13 zikigawanywa kwa 23. Lakini 59 ni ya umbo la kwanza, kwa x = 5 na y = 2, na 13 ni ya umbo la pili, kwa x = 2 na y = 1. Baki ni moja, mashamba ni tofauti. Wala kuongeza ukubwa wa kigawanyo hakusaidii. Hakuna kigawanyo chochote kitakachozitenga tasa za mashamba haya.

Kinachozitenga ni mlinganyo wa kipeo cha tatu, x³ − x − 1 = 0. Kwa mahesabu ya baki la 59, mlinganyo huo una majibu matatu: 4, 13 na 42. Jaribu 4: 64 − 4 − 1 = 59. Kwa baki la 13 hauna jibu hata moja. Na ndivyo ilivyo kwa kila tasa nyingine, ukiiacha 23 yenyewe: ni ya umbo la kwanza pale tu mlinganyo unapopasuka vipande vitatu. Nyuma ya hili kuna nadharia ya nyanja za matabaka, ambayo Teiji Takagi wa Japani alithibitisha nguzo zake kuu katika kazi aliyoichapisha mwaka 1920, baada ya vita vya dunia kumkata na wenzake wa Ulaya. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu hapa Nairobi tunasoma mambo haya bila mtu wa kuongea naye kwenye korido.

Kanuni za baki zipo pale ambapo mabaki yanatosha kutenganisha matabaka yote, yaani mashamba yote ya kibainishi kimoja. Euler alikusanya n 65 za namna hiyo, kubwa kuliko zote 1848, na hadi leo hakuna aliyeongeza ya 66. Nje ya hapo unapata masharti mapana zaidi. Mfano ninaoupenda kwa darasa la shule ni x² + 27y²: p ni ya umbo hilo pale tu inapobakiza 1 kwa 3, na 2 ni kipeo cha tatu cha nambari fulani kwa baki la p. 31 ni 4 + 27, na 4³ ni 64, ambayo inabakiza 2 kwa 31. Kidato cha tatu wanaweza kukagua hilo bila kikokotoo.

Nije kwenye tasnifu. Kuhamia ideali moja kwa moja kuna faida ya kweli: inakufungulia nyanja (mifumo ya nambari kama ule wa √−5) zenye kipeo cha juu kuliko cha pili, ambako maumbo ya vigeu viwili hayafiki. Lakini utakuwa na maneno bila mkono wa kuhesabu. Kubaki na maumbo peke yake nako kutakuacha bila maelezo ya −23. Wala si mambo ya kale: hesabu za makundi haya kwenye kompyuta hufanywa kwa maumbo, kwa kuwa nambari tatu ni nyepesi kubeba kuliko ideali, na Manjul Bhargava, aliyepata Nishani ya Fields mwaka 2014, alianza kwa kuitazama upya kazi ya Gauss ya kuzidisha maumbo. Upande wa vibainishi chanya kuna swali la Gauss ambalo bado halijajibiwa: je, nyanja za kwadratiki zenye tabaka moja tu hazina mwisho? Hilo usiliweke kwenye tasnifu ya uzamili.

Mimi ningekushauri usibadilishe mada, uipunguze. Chukua −20, −23 na −56. Kwa kila kimoja orodhesha maumbo kwa mkono, tafuta ideali ya kila umbo, jaza jedwali la kuzidisha kwa njia zote mbili, uone yanalingana. Kisha kagua kwa programu ya bure ya PARI/GP. Ukiandika qfbclassno(-23) itakujibu 3. Ukiweza kueleza kwa nini −56 ina matabaka manne lakini mabaki yanatenga mafungu mawili tu, unayo sura nzima ya tasnifu.

Kuna mahali maandishi kama haya hayafiki. Ukikwama kwenye kwa nini kila ideali ina kinyume chake, au ukifika kwa Takagi na kukuta kila mstari unataka mistari kumi mingine, usijifungie mwezi wa pili. Rudi kwa msimamizi wako ukiwa na jedwali la −23 mkononi, si na swali la jumla. Mtu aliyekujibu kwa sentensi moja mara nyingi atakaa saa nzima akiona hesabu. Kama bado, pita Chiromo, iliko Idara ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha Nairobi, uliza nani anafundisha aljebra, uombe dakika ishirini mbele ya ubao. Na kama masomo ya jioni baada ya vipindi vya mchana yamekuchosha hadi husomi tena kwa furaha, mwambie msimamizi hilo pia, mapema, kabla ya tarehe kukubana.

Kwa chama chenu Ijumaa ijayo, wape vijana 101 na 193. Zote ni tasa na zote zinabakiza 9 zikigawanywa kwa 23. Moja ni ya x² + xy + 6y² na nyingine siyo. Zidisha kila moja kwa 4, utoe 23y² kwa y = 0, 1, 2 na kuendelea, mkitafuta mraba. Mwache msichana wa 21 ashike chaki.